Udhuru wa Marehemu

Nasema mapema tusije tukalaumiana: mimi siyo mtu wa siasa. Mimi ni mpiga chapa. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye kibanda mkabala na mahakama. Nilianza na taipureta iliyokuwa inakwama kila ikifika herufi ya m, sasa nina kompyuta na printa inayokohoa. Naandika viapo, talaka, mikataba ya viwanja na barua za kuomba msamaha. Watu wananiita Mama Chapa. Nimeandika sheria nyingi kuliko mawakili wengi walivyozisoma, na nikiwaambia hivyo wanacheka, halafu wanarudi kimyakimya kuniuliza kifungu fulani kinasemaje.

Aliyenitoa kibandani ni mjukuu wangu. Ana miaka tisa na hasikii tangu azaliwe. Mama yake, binti yangu wa pili, anafanya kazi ng'ambo, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Mpaka alipofika miaka sita tulikuwa tunaelewana kwa kuonyeshana vidole tu: maji, chakula, kule, hapana. Miaka sita nilimpenda mtoto bila kujua anafikiria nini. Kisha akaingia shule ya viziwi, ile yenye geti la bluu nyuma ya maghala ya reli. Baada ya miezi mitatu akanifuata jikoni, akaniuliza kwa mikono yake kwa nini huwa nanuna nikiosha vyombo. Jamani! Nilikaa sakafuni nikalia. Kumbe siku zote alikuwa ananiona.

Shuleni kwao kila mtu ana jina la ishara. La kwake ni kidole kinachogusa shavu, pale penye kishimo. La kwangu amenipa mwenyewe: vidole kumi vinacheza hewani kama vinapiga chapa, halafu uso unakunjwa. Uso lazima ukunjwe, bila hivyo anasema siyo mimi.

Sasa tarehe mosi mwezi wa tisa tukakuta tangazo la serikali limebandikwa getini. Eti "kwa madhumuni ya kuimarisha huduma", shule itafungwa mwisho wa muhula na watoto watapelekwa shule ya bweni ya mkoa mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na aya moja. Anayepinga apinge ndani ya siku tisini, na pingamizi lake liwasilishwe bungeni na mbunge wa jimbo ilipo shule. Siyo mzazi wala mwalimu. Mbunge wa jimbo.

Mbunge wa jimbo letu alikuwa amekufa tangu mwezi wa pili.

Nilimweleza mjukuu wangu habari ya kuhama, nikijifanya ni jambo dogo. Akaniangalia usoni, maana huyu hadanganyiki, anasoma uso kabla ya mikono. Akauliza, "Nikiumwa huko, wewe utajuaje?" Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda tume ya uchaguzi.

Tume iko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Nilifika juu nikihema, nikamkuta afisa mmoja mwenye tai na sauti ya upole.

"Mama, sisi tunasubiri barua ya Spika," akasema. "Spika akituandikia kwamba kiti kiko wazi, tunaitisha uchaguzi mdogo ndani ya siku tisini."

"Na asipoandika?"

"Basi kiti hakiko wazi."

"Kina nani?"

"Kisheria kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko makaburini, baba."

"Hilo hatujaarifiwa rasmi," akasema, akanikaribisha kiti kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Nikaenda ofisi ya Spika. Wakasema hawajapokea taarifa rasmi ya kifo, nirudi Jumatatu. Jumatatu wakasema Alhamisi. Wiki tatu nilipigwa danadana kutoka dirisha hili kwenda lile, mpaka walinzi wa getini wakaanza kunisalimia kama mfanyakazi mwenzao. Mwisho msaidizi mmoja akaniambia, "Mama, uchaguzi mkuu umebaki mwaka na nusu tu. Mna haraka ya nini?"

"Wewe unaweza kukaa mwaka na nusu bila kichwa?" nikamuuliza.

Akasema nisimtukane. Nikamwambia sijaanza bado.

Sababu yenyewe kila mtu mtaani aliijua. Marehemu alikuwa wa chama kinachotawala, lakini watu walimpenda yeye, chama walikuwa wamekichoka. Uchaguzi ukiitishwa, kiti kinakwenda. Kwa hiyo waliona heri kiti kikae na marehemu kuliko kikae na mtu aliye hai asiye wao.

Nikaenda kwa mjane wake, mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha, akafungua kabati, akatoa cheti cha kifo na rundo la bahasha.

"Dada yangu, bora umekuja," akasema. "Kila mwezi bunge linamwandikia mume wangu. Tazama hii ya juzi."

Nikasoma. Walikuwa wanamwalika mheshimiwa kwenye semina ya siku mbili juu ya lishe bora na maisha marefu. Tukaangaliana. Alianza yeye kucheka, nikafuata mimi, tukacheka mpaka machozi, kisha yake yakawa machozi kweli. Nilimshika mkono. Aliponyamaza akaniambia, "Chukua zote. Wakiulizia, waambie nimekutuma mimi mkewe."

Nikiwa narudi ndipo kitu kikanigonga kichwani. Katika kanuni za bunge letu, ambazo niliwahi kuzipiga chapa kurasa mia na kumi, mbunge asipohudhuria vikao vitatu mfululizo bila udhuru anapoteza kiti. Marehemu hakuwa amehudhuria tangu mwezi wa pili. Sasa kiti chake kimebakije?

Orodha za mahudhurio zinatunzwa maktaba ya bunge na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuziona. Anayezitunza ni karani mmoja mzee, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu tatu mfukoni. Hakuniuliza natafuta nini. Alileta jalada, akanifungulia kwa uangalifu kama anafungua kitabu cha dini. Kila kikao kina ukurasa wake, na kila ukurasa nikashuka na kidole mpaka kwenye jina la marehemu. Mbele yake, kwa wino wa kijani na mwandiko mzuri ajabu, kila kikao: udhuru, udhuru, udhuru. Nikahesabu mara arobaini na saba.

"Mzee wangu," nikasema taratibu, "udhuru wa huyu uliletwa kwa barua au kwa simu?"

"Hauletwi, mama. Wabunge wa upande wa serikali wasipoonekana tunawawekea udhuru. Mambo yao ni mengi. Niliyempokea kazi alikuwa anafanya hivyo, na mimi nimeendelea."

"Hata asipoomba?"

"Wanakuwa bize."

"Huyu yuko bize sana," nikasema.

Akainama kuangalia jina. Nikaona mkono wake umekwenda mfukoni kwenye kalamu, ukarudi, ukaenda tena. Alikuwa ameelewa. Maskini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mazoea, amejaza safu yake miaka yote bila kusoma jina lililo mbele yake. Nikaomba fomu ya nakala zilizothibitishwa, nikaijaza pale pale, nikamkabidhi. Nilijua anaweza kuniambia mashine ni mbovu. Akaisoma fomu mara mbili.

"Imejazwa sawasawa," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akapiga muhuri ukurasa mmoja mmoja, zote arobaini na saba, bila kuniangalia. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Wakili sikuweka. Wawili niliowaandikia hati zao miaka nenda rudi walipata safari za ghafla. Nikaandika maombi yangu mwenyewe, nikavuka barabara nikayasajili: mimi, mpiga kura wa jimbo hili, naiomba mahakama iwaamuru Spika atangaze na tume iitishe uchaguzi mdogo. Kesi ikapangwa katikati ya mwezi wa kumi na moja, siku za pingamizi zikiwa zimebaki kumi na tatu.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja, mjane alikuja na kitambaa chake cheusi, na mwalimu wa darasa la mjukuu wangu alikuja naye wakakaa safu ya mbele ili amtafsirie. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, ana mafua, leso iko mezani. Wakili wa serikali alikuwa kijana nadhifu anayefuta miwani kila baada ya sentensi. Kabla hajamaliza hoja ya kwanza mjukuu wangu alishampa jina: unafuta miwani, unaivaa, halafu unapapasa kama huoni. Safu nzima ya mbele ilitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Mheshimiwa Jaji," akasema wakili, "sheria inasema uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku tisini tangu Spika atangaze kwamba kiti kiko wazi. Spika hajatangaza. Sheria haikumwekea Spika tarehe ya mwisho. Kwa hiyo hakuna kiti kilicho wazi, na mama huyu, kwa heshima zote, amekuja mapema."

Mapema! Niliona giza kwa hasira.

"Miezi tisa, Mheshimiwa Jaji," nikasema. "Hata mimba haisubiri zaidi ya hapo."

Watu wakacheka, jaji akagonga meza, lakini nilimwona anajifuta pua kwa muda mrefu kidogo kuliko mafua yanavyohitaji.

Nikatoa cheti cha kifo. Wakili akasema cheti hakikuwahi kufikishwa rasmi kwa Spika. Nikatoa ratiba ya mazishi, ambayo niliipiga chapa mimi mwenyewe kwenye kibanda changu, na namba tisa inasema: salamu za Bunge, Mheshimiwa Spika. Wakili akafuta miwani, akasema Spika alikwenda mazishini kama rafiki wa familia.

"Hakuwahi kutia mguu nyumbani kwangu!" mjane akasema kutoka nyuma. Jaji akamwonya, lakini kwa upole.

Ndipo nikatoa orodha za mahudhurio. Nikasoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe. Udhuru. Udhuru. Udhuru. Nilipofika ya kumi na nne jaji aliinua mkono.

"Wakili," akasema, "huu udhuru aliuleta nani?"

Wakili akageukia wenzake nyuma, wenzake wakawa wanatafuta kitu kwenye mikoba.

"Ni makosa ya kiuandishi, Mheshimiwa."

"Mara arobaini na saba?"

"Ni utaratibu wa ofisi, Mheshimiwa."

"Ama ni makosa, ama ni utaratibu. Chagua moja."

Akafuta miwani. Jaji akaniuliza kama nina la kumalizia. Nilikuwa nimeandaa kurasa sita. Nikaziacha mezani.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "wanasema sheria haikuweka tarehe. Sawa. Haikuweka kwa sababu aliyeiandika hakufikiria kwamba mtu mzima ataambiwa mwenzake amekufa, ataenda mazishini, atapewa kipaza sauti, atalia, halafu atarudi ofisini aseme hajui. Mimi nimechoka kuambiwa nisubiri. Watu elfu themanini wa jimbo hili tumewakilishwa miezi tisa na kaburi, na mambo yetu yamepitishwa humo humo bungeni kana kwamba tulikuwepo. Kama mtu mmoja anaweza kuamua kwa kunyamaza kwamba sisi tusiwe na mbunge, basi anaweza kuamua hivyo kwa jimbo lolote. Nasema hapana. Nawaomba na nyie mseme hapana."

Nilikaa. Jaji akasema atatoa uamuzi saa nane.

Saa nane akatoa. Kiti kiko wazi tangu siku mbunge alipofariki, si tangu siku Spika atakapopenda. Kutangaza ni wajibu wa Spika, hana hiari, na pale ambapo sheria haikutaja muda, maana yake ni bila kuchelewa. Spika aandike barua ndani ya siku saba. Uchaguzi ufanyike ndani ya siku sitini.

Kelele zilizopigwa! Wazazi walikumbatiana, wale wasiosikia wakapunga mikono juu, ndiyo makofi yao. Mimi nilikuwa namwangalia wakili wa serikali. Alikuwa anafunga mafaili yake bila wasiwasi wowote, na anatabasamu. Nikaanza kuhesabu. Siku sitini. Zetu zimebaki kumi na tatu.

Niliomba uchaguzi, nikapewa uchaguzi. Shule sikuiomba popote. Mimi ninayewagombeza watu kibandani kila siku, "Andika kila unachotaka, usichokiomba hupewi", nimekaa wiki nzima na hasira zangu juu ya Spika, na kitu kilichonitoa nyumbani nimekisahau kukiandika! Ningeweza kujizaba kofi.

Nikasimama. "Mheshimiwa Jaji, bado."

Karani wa mahakama akanivuta mkono, "Mama, imekwisha." Nikautoa mkono wake.

"Siku za kupinga kufungwa kwa shule ya watoto wetu zinaisha tarehe ishirini na tisa. Mpingaji anayeruhusiwa ni mbunge peke yake. Mbunge atapatikana mwezi wa kwanza, atakuta geti lina kufuli. Naomba siku hizo zisihesabiwe mpaka awepo."

Wakili alikuwa ameshasimama. "Ombi hilo halimo kwenye hati, Mheshimiwa. Isitoshe, mwombaji ameshtaki kama mpiga kura. Yeye si mwanafunzi wa shule hiyo."

Na alikuwa sahihi, mshenzi yule. Jaji akaniangalia, nikamwangalia. Sikuwa na aibu, nilikuwa na hofu tu.

"Kuna mwanafunzi wa shule hiyo humu ndani?" akauliza.

Hata sikupata nafasi ya kugeuka. Mjukuu wangu alikuwa ameshapita katikati ya viti, mwalimu wake nyuma yake anamkimbilia. Akasimama mbele, kidevu kinafika kwenye ukingo wa meza ya mawakili. Kwa kuwa mimi ni mlezi wake kisheria, jaji akaniuliza kama naruhusu aseme. Nikasema naruhusu.

"Unaelewa tunachozungumza hapa?" jaji akamuuliza, na mwalimu akatafsiri.

Mtoto akaanza. Mikono yake ilikuwa inakwenda pole pole, kama anavyonielekeza mimi ninapokosea, na mwalimu akawa anasema kwa sauti:

"Naelewa. Mnataka tuhame. Bibi amesema kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kusema hapana kwa ajili yetu. Mtu huyo amekufa. Nyie mkaandika kwamba yupo ila ana kazi nyingi." Akamgeukia wakili, akamtazama mpaka akaacha kufuta miwani. "Sisi tutamsubiri mwingine. Na nyie msubiri."

Akarudi kukaa. Jaji akachukua kalamu, akaandika, akasoma alichoandika: mahakama inaruhusu ombi liongezwe kwa mdomo. Haki ya kupinga haiwezi kuisha muda wakati mwenye kuitumia amezuiwa asipatikane na walewale wanaotaka iishe. Siku tisini zitaanza upya siku mbunge mpya atakapoapishwa. Mpaka hapo, shule isiguswe.

Nililia mbele za watu. Sikujificha.

Nje kwenye ngazi, wakili akanipita, akasema, "Tutakata rufaa, mama."

"Kateni," nikamwambia. "Mkikosa wa kuwachapia, kibanda ni kile pale."

Mjukuu wangu akanivuta gauni. Alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Huyo mtakayemchagua," akauliza, "akiwa mbaya? Akikataa kusema hapana?"

Nilitaka kumwambia hatakuwa mbaya. Lakini huyu hadanganyiki.

"Inawezekana," nikamjibu. "Basi nitakwenda ofisini kwake kila siku. Nitamsubiri mlangoni, nitamfuata mpaka kwenye gari lake, nitampigia simu akiwa anakula. Atajuta kuzaliwa."

"Na huyu aliyekufa hukuweza kumfanyia hivyo?"

"Sikuweza," nikasema. "Ndiyo maana walimtaka yeye."

Akafikiri tena, kisha akaniuliza kama mwenye miaka tisa anaweza kwenda nami mlangoni kwa mbunge. Nikamwambia siku za shule hapana, lakini Jumamosi twende.